Je, Wajua? Kwa Nini Injini ya Boti Huzima Ikiwa Sailensa

Je, wajua kwamba Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari? Pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Injini ya kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani, ikifika Mwanza hupata petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo: plagi huwa nyeusi na mbichi, na sailensa (mwendo wa polepole wa injini bila gia) inayumba.

Lakini injini ikikimbia vizuri, kisha ikazima kila ukipunguza mafuta, shuku uchafu kwanza. Tundu za kabureta zinazolisha sailensa ni ndogo kama za sindano, na petroli iliyolala wiki kadhaa huacha utando unaoziziba. Ili kujua kasoro iko wapi, injini ikitaka kuzima bonyeza pampu ya mkono kwenye mpira wa mafuta. Injini ikichangamka, kasoro iko kwenye njia ya mafuta.

Wengi hukimbilia skrubu ya sailensa. Ni kosa kubwa: sailensa ikipanda mno, gia huingia kwa kishindo na meno yake huliwa. Ndugu mvuvi, safisha kabureta kwanza, pasha injini moto, ndipo urekebishe skrubu hiyo, boti ikiwa majini.