Mwinamo wa Gari Kuukuu

Gari lililokwisha kutumika miaka ishirini au thelathini, likisimamishwa penye uwanja uliosawazika, aghalabu humwonyesha mwenyewe jambo ambalo hakulitambua lilipokuwa mwendoni: ubavu mmoja uko chini kuliko wa pili, au pembe moja ya nyuma imezama hata tairi limejificha ndani ya madigadi, ilhali pembe ya mbele ya upande wa pili imeinuka kana kwamba haina mzigo wa kuuchukua. Wengi wakiliona hilo hushika njia ya dukani wakanunua shokapu mpya, wakalipa fundi, na gari likarudi nyumbani na mwinamo wake ule ule. Kwa maoni yangu hakuna ugonjwa wa gari unaotibiwa kwa kubahatisha zaidi kuliko huu, wala hakuna unaotambulika kwa gharama ndogo zaidi, kwa kuwa utambuzi wake hautaki chombo ila utepe wa kupimia, jeki moja madhubuti, na subira ya mtu asiyekwisha kukata hukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Yafaa kwanza zitenganishwe kazi mbili zinazochanganywa. Uzito wa gari huchukuliwa na springi. Shokamzoba, au shokapu kama gereji nyingi zisemavyo, haibebi, bali huizuia springi isiendelee kurukaruka gurudumu likiisha kupita shimoni, na kazi hiyo huifanya kwa kulazimisha mafuta yapite katika vitundu vyembamba. Shokapu iliyokufa hulifanya gari lipepesuke katika kona na kuinamisha pua breki zikishikwa, walakini likisimama litasimama kwa kimo chake cha siku zote. Zile zilizotiwa gesi husukuma kidogo, lakini si msukumo wa kuinua pembe iliyozama. Huenda kosa hili limezidishwa na magari ambayo springi na shokapu hufungwa pamoja katika nguzo moja, hata mnunuzi akadhani kwamba akibadili kimoja amebadili vyote viwili.

Springi zenyewe zina namna tatu katika magari makuukuu yanayopita njia zetu. Iko ya koili, yaani chuma cha mviringo kilichoviringishwa mfano wa nyoka. Iko ya vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kukunjwa upinde, ambayo ndiyo ya malori na ya Land Rover za kale. Na iko ya fito, ambayo haikandamizwi wala haipindwi bali husokotwa, kama ilivyokuwa mbele ya Morris Minor tangu 1948, na kama ilivyo mbele ya Toyota HiAce nyingi na Hilux za zamani. Kila namna ina njia yake ya kuchoka, lakini liko jambo moja linalozishirikisha zote, nalo watu wachache hulijua: springi iliyochoka haikuwa laini, imekuwa fupi. Ugumu wa chuma cha pua haupungui kwa uzee. Kinachopungua ni umbo lake la asili, kwani baada ya kukandamizwa mara zisizohesabika na kupakiwa kupita kiasi hushindwa kurejea pale lilipoanzia. Kutu ndiyo inayopunguza nguvu, kwa sababu inakula unene. Na nguvu ya springi ya koili hufuata unene wa waya wake ukizidishwa kwa wenyewe mara nne, hata waya wa milimita 12 uliolika ukabaki 11 huwa umepoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake, ingawa kwa macho unaonekana mzima.

Kupima ndiyo nusu ya kazi. Gari liwe tupu, tairi ziwe za ukubwa mmoja na upepo sawa kwa kila ekseli, na sakafu iwe tambarare kweli kweli, si ile tunayoitazama kwa mbali tukasema yatosha. Sakafu ya saruji ya kituo cha mafuta, mathalan, huwa imeinamishwa kwa makusudi ili maji yatiririke. Lisukumwe mbele na nyuma mita chache, likandamizwe kila pembe mara kadhaa, maana gari lililoteremshwa kutoka kwenye jeki hubaki limejinyanyua mpaka magurudumu yatembee. Kisha upimwe urefu kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hata ukingo wa madigadi, kwa pembe zote nne, na hesabu iandikwe. Ukipima kutoka ardhini utakuwa umeipima na tairi pia. Tena, kwa gari lililowahi kugongwa likanyooshwa na fundi bodi, ukingo wa madigadi ni shahidi asiyeaminika. Hapo ni lazima kupima pia kutoka chesisi hadi sakafuni, mahali panapofanana kulia na kushoto. Tofauti ya sentimita moja katika gari la umri huo ni ya kustahimiliwa, na mtu asipoteze usingizi kwa ajili yake.

Hesabu zikiisha kuandikwa, ndipo mitego inapoanza. Bodi ya gari ni kitu kigumu kilichokaa juu ya springi nne, nayo hufanana na kitanda ambacho mguu wake mmoja umekatwa: hakizami pale tu, bali huathirika chote. Tuchukulie kwamba springi zote zina nguvu sawa na bodi haijipindi, na ile ya nyuma kulia ikafupika kwa sentimita 4. Pembe yake haitashuka sentimita 4 bali 3. Pembe mbili zinazopakana nayo, ya mbele kulia na ya nyuma kushoto, zitashuka sentimita moja moja. Na ya mbele kushoto, isiyo na hatia yoyote, itapanda sentimita moja. Sasa tazama hesabu hiyo kwa jicho la fundi mwenye haraka. Nyuma, kulia kumekuwa chini ya kushoto kwa sentimita 2. Na mbele pia, kulia kumekuwa chini ya kushoto kwa sentimita 2. Atakayesimama mbele ya gari ataapa kwamba springi ya mbele ya kulia ndiyo iliyokwisha, ataibadili, na ila itabaki ilikokuwa. Kwa hiyo mahali mwinamo unapoonekana si ithibati ya mahali unapotoka.

Namna ya kuutenganisha ushahidi wa mbele na wa nyuma ni nyepesi. Magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi, na jeki iwekwe nyuma, katikati hasa ya upana wa gari, chini ya boriti imara ya chesisi, ikapandishwa hata tairi za nyuma ziuache uzito wa gari. Hapo nyuma hakuna tena springi inayosukuma upande mmoja kuliko wa pili. Gari limeegemea nukta moja na kuwa huru kuyumba, na mbele ndiko kunakoamua. Mbele kukisawazika, hatia ilikuwa ya nyuma. Mwinamo ukizidi, hatia kubwa ni ya mbele. Ukibaki kama ulivyokuwa, au ukipungua tu bila kwisha, ekseli zote mbili zina sehemu yake. Kisha jaribio ligeuzwe, jeki ihamie mbele. Na kabla ya yote hayo ifunguliwe nati ya upande mmoja wa stabilaiza, kwani fito hiyo, ikiwa imepinda au bushi zake zimekauka, yaweza kulisokota gari yenyewe na kuwasingizia wengine. Wakati wa jaribio hili mtu yeyote asiingie chini ya gari, maana jeki peke yake si kitu cha kuwekea amana ya roho.

Ukiisha kujua ekseli, tafuta sababu kwa macho na mikono kabla ya kuilaumu springi. Koili hupenda kuvunjika duru yake ya chini kabisa, ndani ya kikombe inamokalia, ambamo tope hukusanyika na kutu hukaa. Kipande kilichovunjika hubaki humo humo, na gari huendelea kwenda likiwa limepungua kimo kidogo tu. Huenda pia ncha ya koili haikukaa katika kidato chake ilipofungwa mara ya mwisho, au raba ya juu imesagika, au kikombe chenyewe kimeliwa na kutu, na hapo si kazi ya springi tena bali ya kuchomelea. Katika springi za vyuma bapa utafute ufa, bolti ya katikati iliyokatika, na bushi zilizolika kwenye pete za ncha; na usisahau kwamba vyuma vilivyoshikana kwa kutu huifanya springi iwe ngumu, hata upande ulioinuka ukawa ndio mgonjwa, na ulioteremka ukawa ndio mzima.

Land Rover ya vyuma bapa ina hadithi yake, na inastahili kituo. Gari hili lililoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na ambalo Series III yake iliendelea kutengenezwa hata 1985, lilisifika Afrika ya Mashariki tangu enzi za ukoloni, na bado yapo mengi yanayofanya kazi mashambani na mbugani. Waliolibuni walifikiri kwamba dereva yupo daima, lakini abiria yupo na hayupo. Tena katika lile fupi la inchi 88 tangi la galoni 10 limewekwa chini ya kiti cha kulia, ambacho kwetu ndicho cha dereva. Kwa sababu hiyo springi za upande wa dereva zilipewa upinde mkubwa kuliko za upande wa pili, na gari likiwa tupu huonekana limenyanyuka kidogo upande ule. Huo si ugonjwa, ni hesabu. Asiyejua hudhani springi zote ni sawa, huzifunga bila kuzitazama, na akizikosea pande, uzito wa dereva na wa mafuta hujumlika juu ya springi iliyo dhaifu, gari likalala kulia moja kwa moja. Mwenye kununua springi zilizovuliwa katika gari la Kongo, Rwanda au Burundi, ambako usukani uko kushoto, hana budi kuuliza kila moja ilitoka upande gani na kusoma namba yake kabla ya kutoa fedha.

Tiba ya kweli ni springi mpya, nazo zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli, kwa kuwa mpya ikikaa mkabala na kuukuu huzaa mwinamo wa upande wa pili. Viwanda vingi hupaka koili mistari ya rangi kuonyesha daraja yake. Jozi yenye rangi mbalimbali haifai. Kumpelekea mhunzi springi ya vyuma bapa ili aikunje upinde upya ni jambo linalowezekana, na wako wanaolifanya kwa ustadi, lakini chuma kilichopashwa moto kikaachwa kipoe ovyo hupoteza ugumu wake na kulala tena baada ya safari chache. Afadhali mhunzi huyo aitumie springi iliyokufa kufulia panga, ambalo kwalo chuma hicho hakina mfano. Raba zinazochomekwa kati ya duru za koili sizisifu hata kidogo, kwani huzuia duru moja kufanya kazi na kuzibebesha zilizobaki dhiki isiyo yao. Washa ya kuinulia ina nafasi yake, tofauti ikiwa ndogo, lakini ikumbukwe kwamba pale springi ilipokaa katikati ya mkono wa gurudumu, unene wa sentimita moja huinua gari sentimita mbili.

Magari ya fito yana bolti ya kurekebishia, na bolti hiyo imekuwa fitina kubwa, kwa sababu kila mwenye spana huikaza upande uliozama. Akikaza kulia, kulia hupanda, na pembe nyingine zote nazo hubadilika. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa nusu mzunguko, pande zote mbili zikipimwa kila baada ya kukaza, na gari likisukumwa kabla ya kupimwa. Anayeifungua koili kwa vibanio naye ajihadhari asiwe katika njia yake, maana imehifadhi nguvu ya kutosha kumuua.

Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia, ama sivyo raba zitasokotwa na kulishikilia juu kwa muda, kisha zichanike. Baadaye gari lipelekwe kupimwa alaimenti na taa zielekezwe upya. Kwa magari ya mizigo yenye vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma, vali hiyo irekebishwe pia: nyuma ikiinuliwa, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, hata likiwa limepakia shehena. Springi mpya nazo hukaa kidogo katika majuma ya mwanzo, kwa hiyo vipimo vinne virudiwe baada ya mwezi mmoja, juu ya sakafu ile ile, na kuandikwa chini ya vile vya awali.