Fereti si Mnyama wa Mwituni

Katika maduka ya California utapata chakula cha fereti, kizimba chake na hata kitanda chake cha kuning'inia, na hakuna atakayekukamata kwa kuvinunua. Anayekatazwa ni fereti mwenyewe. Tangu 1933 jimbo hilo la Marekani limemhesabu pamoja na wanyama pori wasioruhusiwa kuingizwa wala kufugwa nyumbani, ilhali majirani zake Oregon, Nevada na Arizona wanamruhusu. Wanaoipinga marufuku hii wamekuwa wakibisha hodi kwa miaka mingi, na kwa maoni yangu haki iko upande wao.

Fereti ni wa ukoo mmoja na kicheche: mwili mrefu, miguu mifupi, na mara nyingi baka jeusi machoni kama barakoa. Hulala zaidi ya nusu ya siku. Akiamka na furaha yake, hupinda mgongo na kurukaruka kiubavu, akialika mchezo. Babu yake ni mnyama pori wa Ulaya, lakini binadamu wamemfuga kwa takriban miaka 2,000. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika jinsi alivyotumiwa Hispania kuwinda sungura. Kazi yenyewe hufanywa hivi: mwindaji hutega nyavu kwenye matundu ya shimo, humwingiza fereti ndani, na sungura hutoka mbio wakanasa. Mnyama aliyelelewa kwa kazi hiyo, kizazi baada ya kizazi, amekwisha kuwa wa kufugwa kama paka.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka New Zealand. Huko fereti waliachiliwa makusudi, kwa maelfu, katika miaka ya 1880 ili wapunguze sungura. Wakazaana, wakawageukia ndege wa nchi ile, akiwemo kiwi asiyeruka, na madhara yanaendelea hadi leo. Mwaka 2002 serikali ilikataza kuwauza na kuwazalisha, na ilifanya vyema. Lakini ndege wa New Zealand waliishi tangu zamani bila mamalia wawindaji wa nchi kavu, hawakujua kuwakimbia. California ina mbweha, koyote na jamaa wa kicheche wa asili yake, na ndege wake wamezoea kuwindwa. Tena fereti wauzwao madukani Marekani kwa kawaida huwa wamekwisha kuhasiwa. Aliyehasiwa akitoroka hawezi kuanzisha kundi la mwituni. Visiwa vya Hawaii, vinavyofanana zaidi na New Zealand, vina sababu ya kushika marufuku yao. California inaazima hofu ya watu wengine.

Wapo pia wanaohofia kichaa cha mbwa, lakini Marekani iliidhinisha chanjo yake kwa fereti mwaka 1990. Hoja ya watoto wachanga ni ngumu zaidi, na haifai kupuuzwa, kwa sababu wapo waliojeruhiwa vibaya walipoachwa peke yao na fereti. Mtoto mchanga hapaswi kuachwa hivyo na fereti, wala na mbwa. Mbwa hatumpigi marufuku; tunamdai mwenyewe chanjo, kamba na uangalizi. Ndivyo idara ya afya ya jiji la New York, ambalo nalo linakataza fereti, ilivyopendekeza mwaka 2015 kuondolewa kwa marufuku hiyo kulipopigiwa kura: wahasiwe, wachanjwe, na wafungwe kamba wakitoka nje. Wajumbe 3 wa bodi waliunga mkono, 2 wakapinga, lakini zilihitajika kura 6. Marufuku ikabaki, ingawa wataalamu wa jiji lenyewe walikwisha kuona njia ya kuiondoa.

California mambo yalikwama mahali pengine. Mwaka 2004 Gavana Arnold Schwarzenegger alikataa kutia saini muswada wa kuhalalisha fereti, akitaka kwanza uchunguzi wa athari kwa mazingira. Dai hilo ni la haki. Kisicho haki ni kumwachia mfugaji mzigo wa kuthibitisha, huku serikali ikiwa na wanabiolojia wake, na majimbo jirani yakiwa na fereti majumbani ambao wangeweza kuchunguzwa. Wakati huohuo wapo Wakalifornia wanaowafuga kwa siri. Anayeficha mnyama husita kumpeleka kwa daktari wa mifugo, na fereti asiyefikishwa kwa daktari hapati chanjo ileile ambayo ingemtuliza kila mwenye hofu ya kichaa cha mbwa.