Kidonda Kimepona, Ganzi Imebaki

Fomu ya kuombea kipimo cha picha ina nafasi ndogo ya maelezo ya mgonjwa, na mara nyingi hujazwa kwa maneno matatu tu: "kidonda shavu kushoto". Mgonjwa mwenyewe alisema mengi kuliko hayo. Alisema mdomo wa juu umekufa ganzi upande mmoja, usiku anahisi sisimizi wanatembea chini ya ngozi, na akila, chakula hujikusanya shavuni bila yeye kujua. Hayo hayakuandikwa, kwa kuwa yalionekana madogo mbele ya kidonda kinachoonekana na kila mtu. Kwa sisi tunaosoma picha, hayo ndiyo yanayotuelekeza pa kutazama.

Saratani tumezoea kuisikia ikisambaa kwa damu au kwa tezi za shingoni. Baadhi ya saratani za kichwa na shingo zina njia nyingine: hufuata mishipa ya fahamu. Mchwa akiingia kwenye nguzo ya nyumba hula kwa ndani akipanda kuelekea paani, na nje nguzo ikabaki na rangi yake. Ndivyo seli hizi zinavyotambaa ndani ya ala ya mshipa kuelekea kwenye fuvu, huku ngozi imeshafunga na kovu limekauka.

Saratani mbili ni maarufu kwa tabia hiyo. Moja ni adenoidi sistiki ya tezi za mate, ambayo hupenda kuanzia kwenye kaakaa, hukua polepole na inaweza kurudi hata baada ya miaka kumi. Ya pili ni saratani ya seli skwamasi ya ngozi, na hii inatuhusu sana watu wa Kagera, hasa wenye ualbino.

Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa pale kwa saratani ya ngozi. Umri wao wa kati ulikuwa miaka 30. Nusu yao walikuwa wameishi na ugonjwa miezi 24 au zaidi kabla ya kufika hospitali, na sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa fedha. Sehemu iliyoathirika zaidi ilikuwa kichwa na shingo, na robo tatu ya saratani hizo zilikuwa za skwamasi. Miezi 24 inatosha kabisa kwa kidonda cha shavuni kupata mshipa wa kuupanda.

Saratani hii hutokana sana na jua, na mji wetu wa Bukoba, kwa mvua na mawingu yake, huwadanganya wengi kwamba jua lake ni la upole. Tuko takriban nyuzi 1.3 tu kusini mwa Ikweta, na wingu halizuii miale inayounguza ngozi kama linavyozuia joto. Mvuvi wa kisiwa cha Goziba hupigwa na jua la juu na lile linalorudishwa na maji. Tena si fedha pekee zinazowachelewesha watu wenye ualbino wa mkoa huu kufika kwa daktari. Wilayani Muleba aliuawa mtoto mwenye ualbino mwaka 2024, na sitamlaumu mama anayeogopa kumpandisha mwanawe basi la safari ndefu.

Turudi kwenye mishipa. Ile inayosafirisha saratani hizi mara nyingi ni miwili: wa tano na wa saba, kwa hesabu ya mishipa inayotoka kwenye ubongo. Wa tano huleta hisia usoni kwa matawi matatu. La kwanza ni la paji na jicho, la pili la shavu na mdomo wa juu, la tatu la taya la chini na kidevu, na hili la mwisho huendesha pia misuli ya kutafunia. Wa saba husogeza uso: kutabasamu, kufumba jicho, kupuliza. Wa tano ukiguswa mtu hupata ganzi, maumivu au ule mtambao wa sisimizi. Wa saba ukiguswa mdomo huenda upande. Matawi ya mishipa hii hukutana karibu na sikio, kwa hiyo ugonjwa unaweza kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine. Mtu aliyeanza na ganzi ya shavu, kisha mdomo ukaenda upande uleule, ana dharura hata kama kidonda chake kimepona.

Kwenye picha, rafiki yetu mkubwa ni mafuta. Chukua kidonda kilicho chini ya jicho. Tawi la pili huingia kwenye tundu dogo la mfupa chini kidogo ya tundu la jicho, hupita sakafuni mwake, hutokea kwenye kijishimo kilicho nyuma ya taya la juu, kisha hupenya fuvu kwa tundu la mviringo. Kijishimo hicho kwa mtu mzima wa afya kimejaa mafuta. Kwenye CT mafuta huonekana meusi. Kwenye picha ya MRI ya aina ya T1 huonekana meupe. Upande mmoja ukiwa na mafuta yake na wa pili umejaa kitu cha kijivu, saratani imeshafika hapo, hata kama mshipa wenyewe hauonekani vizuri.

Ninalisisitiza hili kwa sababu CT sasa imefika katika hospitali za rufaa za mikoa, baada ya serikali kununua mashine hizo kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, ilhali MRI kwa mkazi wa Kashai, hapa Bukoba, mara nyingi ni safari ya Mwanza, kwa basi au kwa meli ya usiku inayopitia Kemondo. Wapo wenzangu wanaosema CT haifai kwa ugonjwa huu. Sikubaliani nao. MRI ni bora, hilo halina ubishi: ikipigwa kwa vipande vyembamba, mgonjwa akachomwa dawa ya gadolini na mng'ao wa mafuta ukazimwa, mshipa mgonjwa huwaka na huonekana umenenepa hadi kwenye fundo lake ndani ya fuvu. Lakini CT ya vipande vya milimita moja, ikisomwa pia kwa mwanga wa mfupa, huonyesha tundu la fuvu lililopanuka na mafuta yaliyotoweka. Sharti ni msomaji aambiwe atazame huko. CT ya kichwa iliyoombwa kwa "maumivu ya kichwa" itasomwa kwa ajili ya ubongo, na tundu lenye upana wa milimita chache litapitwa.

Misuli nayo hutoa ushahidi. Mshipa unaoendesha misuli ya kutafunia ukifa, misuli hiyo hujaa maji kwanza, kisha baada ya miezi husinyaa na kugeuka mafuta. Nikiona upande mmoja wa taya una misuli myembamba, hurudi nyuma kwa kidole hadi kwenye tundu la mshipa wake.

Picha safi, hata hivyo, si hati ya kuachiwa huru. Uvamizi wa awali huonekana kwa darubini tu, kwenye kinyama kilichokatwa, na ndiyo maana jibu la patholojia lazima liseme kama mishipa imeguswa. Mwongozo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani, toleo la nane, huipandisha hadi ngazi ya tatu kati ya nne (T3) saratani ya ngozi ya uso iliyogusa mshipa wenye unene wa milimita 0.1 au zaidi. Kwa upande mwingine, wapo wagonjwa ambao picha inaonyesha mshipa mgonjwa na wao hawajahisi lolote.

Mdomo kwenda upande huitwa majina mengi mitaani, kuanzia upepo mbaya hadi kurogwa. Mara nyingi ni ugonjwa wa Bell, ambao hautokani na saratani. Huo huja ghafla, ndani ya siku tatu, na wengi huanza kupata nafuu katika wiki chache. Lakini ugonjwa unaopoozesha uso polepole kwa wiki nyingi, unaogusa sehemu moja tu ya uso, unaorudi upande uleule au usioonyesha nafuu baada ya miezi minne, huo utafutiwe picha. Vivyo hivyo maumivu ya taya kwa mtu aliyewahi kutolewa kinundu usoni, kabla hajang'olewa jino la pili na la tatu.

Jibu hubadilisha tiba. Mpasuaji anayeondoa kovu huku mshipa umeugua hadi kwenye fuvu atauacha ugonjwa nyuma, na mtaalamu wa mionzi anahitaji kujua umbali uliofikiwa ili mionzi iufuate mshipa wote. Kwa anayepewa rufaa kwenda Bugando, karatasi ya majibu haitoshi: aombe picha zake kwenye CD, za sasa na za zamani, pamoja na jibu la patholojia. Na kwenye fomu aandikiwe kidonda kilikuwa upande gani, kilitolewa lini, na ganzi ilianza mwezi gani.