«Let you go» si ruhusa ya kwenda nyumbani

Baba mmoja wa Kolwezi, mtu wa miaka mingi ku mashini, alitueleza namna alivyofurahi siku ile alipopoteza kazi. Ndiyo, alifurahi. Mkubwa wake, muzungu asiyejua Kifaransa, alimwita ku biro siku ya tano jioni, akaongea kwa upole, kisha akasema: «We have to let you go.»

«Let nilijua, go nilijua zaidi,» anasema yule baba. «Nikaona: ah, leo bananipa konji. Nikamupa mukono, nikamuambia thank you boss. Nikapita ku soko, nikauza samaki, nikaambia bibi: tutapumuzika kidogo.»

Siku ya kwanza asubuhi, kadi yake haikufungua tena mlango wa kampuni.

Kwa Kiingereza, «to let someone go» ni kumwachisha mtu kazi. Ni maneno laini ya kufunika jambo chungu, sawa vile sisi tunasema mzee «ametutangulia» na hakuna anayeuliza ametangulia wapi. Ukitafuta maana ndani ya «let» na ndani ya «go», hautaiona. Iko katika maneno yote pamoja, na mtu hawezi kuibahatisha, anafundishwa tu. Hata muzungu akisikia kwetu kwamba fulani iko «kichwa nguvu», atafikiri anaweza kubeba magunia mawili.

Tuseme hapa jambo moja ambalo si la lugha. Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaomba kampuni inayomwachisha mtu kazi imwandikie barua, na barua ionyeshe sababu. Kwa hiyo ukisikia «let you go», usitoe mkono mbio. Omba barua. Na karatasi yoyote watakayokupa utie sahihi, kwanza isomwe na mtu anayeielewa.

Kiingereza si mgeni Katanga. Reli iliyofika Elisabethville mwaka wa 1910 ilitoka kusini, upande wa Rhodesia, na pamoja nayo walikuja wafanyakazi wengi wenye kusema Kiingereza. Neno «buku» tunalolitumia kila siku ni alama yao. Sasa lugha hiyo imerudi kwa nguvu ku mine. Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi iko na Wakanada ndani yake, Kibali kule Haut-Uele iko na Wakanada na watu wa kampuni iliyotoka Afrika ya Kusini, na Wazambia tunawaona kila mahali. Kontra inaweza kuandikwa kwa Kifaransa, lakini amri ya saa saba usiku, kwenye redio ya kamyo, mara nyingi inakuja kwa Kiingereza.

Tuanze basi na yale yanayoweza kuua. Mtu akipiga kelele «Heads up!», maneno yenyewe yanasema vichwa juu. Kijana anayefuata maneno yenyewe atainua uso, na jiwe litamkuta hapo hapo. Maana ni: jihadhari, kuna kitu kinakuja! Toka pale uliposimama, linda kichwa, angalia kisha. Maneno yale yale yakisemwa polepole ku biro yana maana ingine: «I'll give you a heads-up» ni nitakujulisha mbele ya wakati. «Look out!» nayo haikuombi uangalie inje ya dirisha la kamyo. Ni «chunga!», basi. Tunajua dereva aliyetoa kichwa inje. Mungu alimsaidia.

«Fire in the hole!» ni kelele ya watu wa baruti. Wengi wanafikiri kuna moto unaowaka ndani ya shimo kubwa, wanataka kukimbia kuzima. Hapana. «Hole» hapa ni tundu dogo lililotobolewa kwenye mwamba ili kuweka baruti, na zamani utambi uliwashwa kwa moto wa kweli. Maana yake: tunalipua sasa hivi. Usiende kuona. Kwa kweli kama umesikia maneno hayo na ungali karibu, kuna mtu hakufanya kazi yake vizuri.

Kuna tena «near miss», ambayo watu wa sekirite wanaipenda sana. Ni ajali iliyokosa kidogo tu kutokea: nyundo imeanguka toka juu, haikumgusa mtu. Wafanyakazi wanaficha mambo hayo kwa kufikiri ni kujishitaki. Lakini shefu anayeuliza «Any near misses?» anatafuta kujua nyundo ilianguka juu ya nini, ili kesho isianguke juu ya kichwa cha mwenzako. Na akisema wewe «you cut corners», hakuna pembe uliyoikata. Anasema umeruka sehemu ya kazi ili umalize mbio, kwa mfano haukuangalia breki mbele ya kuanza. Hayo ni mashitaka, usicheke.

Mengine yanachekesha. Operatere mmoja aliulizwa kwenye redio «Do you copy?» akajibu kwa hasira: «Mi sikopiage, shefu!» Alikumbuka masomo, ambako mwenye kukopia anafukuzwa. Kwenye redio, «copy» ni umesikia? Kama haukusikia, au umesikia bila kuelewa, jibu ni «Say again». Hakuna haya ndani yake, ni maneno ya kazi, na wazungu wenyewe wanayatumia siku nzima. Sisi tunaona neno hilo linapita mengine yote.

Watu wa Afrika ya Kusini wana yao. Akikuambia «I'm coming just now», keti chini. Neno kwa neno ni «sasa hivi», lakini kwao «just now» ni baadaye, labda saa moja, labda zaidi. «Now-now» ni mbio kidogo. Anayetaka kitu mara moja atasema «right now». Na «knock off», ambayo Wazambia nao wanaisema, haihusu kupiga mtu: ni kumaliza kazi ya siku. «What time do you knock off?» Unatoka saa ngapi?

Tulishangaa kuona maneno mengine ya Kiingereza yamezaliwa kwenye mashimo kama yetu. «It didn't pan out» ni jambo halikutoa kitu. Wale waliosafisha dhahabu kwa kalai kule California, kuanzia 1848, waliangalia chini ya kalai: kuna kitu ao hakuna. Mama anayesafisha dhahabu Ituri hahitaji kuelezwa.

«Canary in the coal mine» nayo ni historia ya kweli. Kule Uingereza, wachimbaji wa makaa walishuka na kandege kadogo, kanari, ndani ya kizimba. Profesa John Scott Haldane ndiye aliyeshauri hivyo, juu ya gazi moja isiyo na harufu wala rangi, monoksidi ya kaboni. Ndege alilegea mbele ya watu, nao wakapata wakati wa kutoka. Walitumia ndege hao mpaka 1986, kisha mashini zikachukua nafasi. Leo watu wa Kiingereza wanasema hivyo kuhusu alama yoyote ya kwanza ya hatari. Wachimbaji wetu wa mikono wajue: gazi ile ile inatoka kwenye motopompe. Ikiwashwa ndani ya shimo, hakuna ndege wa kuwaambia. Ikae inje, mbali na mdomo wa shimo.

Namna ya kujifunza? Vitabu vyenye maneno mia tano ya namna hii vinauzwa, na vinachosha. Yule baba wa Kolwezi, ambaye sasa iko kwa kampuni ingine, amechukua njia yake. Anaandika neno sawa vile alivyolisikia, hata kama herufi ni mbaya, na chini yake: nani alisema, wapi, mashini ilikuwa inafanya nini. Jioni binti yake wa sekondari anatafuta. Mtoto anajua maneno, baba anajua mambo yalivyokuwa, na mara nyingi maana inapatikana katikati yao. Binti alisoma «the boss is under the weather» akatafsiri bosi yuko chini ya hewa. Baba akakataa: «Hapana. Siku ile alikuwa anakohoa, hakula.» Ndiyo, ni kuugua kidogo.

«Knock off» tuliletewa na msomaji wa Likasi. Mwenye kusikia neno lililomkwama ku kazi alilete ku biro yetu, na asisahau kutuambia nani alisema, na wapi.