Riwaya ya Maajabu na Barabara ya Garbatulla

Safari ya kutangaza kitabu ni desturi ya uchapishaji ambapo mwandishi hupita mji baada ya mji, akasoma sehemu ya kazi yake mbele ya hadhira, akajibu maswali na kutia sahihi nakala zinazonunuliwa. Safari hiyo huwa na uzito wa pekee mwandishi anapopita katika nchi iliyomlea, hasa ikiwa kazi yake ni ya fantasia, yaani utunzi unaojenga ulimwengu wenye mambo yasiyowezekana katika maisha ya kawaida, kwa kuwa wasomaji wa nyumbani ndio wanaotambua upesi ni ukweli gani uliovishwa maajabu. Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa safari ya namna hiyo, na mfano huo una funzo kwa miji iliyo mbali na maduka ya vitabu, kama Garbatulla katika Kaunti ya Isiolo.

Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025, aliondoka Kenya mwaka 1982 kwenda London kuzindua tafsiri ya Kiingereza ya Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya aliyoiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini katika gereza la Kamiti. Akiwa huko alipata habari kwamba akirudi atakamatwa, na hivyo safari ya kutangaza kitabu ikageuka uhamisho wa miaka 22. Mwaka 1986 ilitoka Matigari, riwaya ambayo shujaa wake anazunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Kwa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, mazungumzo ya wanavijiji kuhusu shujaa huyo yaliifanya serikali iagize akamatwe kama mtu halisi, na ilipobainika kwamba ni mhusika wa kubuniwa, nakala za kitabu ndizo zilizokamatwa.

Ngũgĩ alirejea Kenya mwishoni mwa Julai 2004 pamoja na mkewe, akiwa na Mũrogi wa Kagogo, riwaya inayohusu nchi ya kubuniwa iitwayo Aburĩria, ambako mtawala anataka kujenga mnara wa kufika mbinguni kwa mkopo wa benki ya dunia nzima, naye waziri mmoja amefanyiwa upasuaji wa kukuza macho na mwingine wa kukuza masikio ili wampelelezee maadui. Msomaji wa Kenya hakuhitaji kuelezwa macho na masikio hayo yalikuwa ya nani, kwa sababu alikuwa ameishi chini ya utawala wa kupelelezwa namna hiyo. Siku chache baada ya mapokezi makubwa, watu wenye silaha waliwavamia wenzi hao katika makazi yao jijini Nairobi na kuwajeruhi, lakini hata uovu huo haukuikata njia ya nyumbani, kwani mwandishi huyo alirudi tena Kenya, ikiwemo mwaka 2015.

Nguvu ya vitabu hivyo ilitokana pia na namna vilivyopokewa. Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyochapishwa mwaka 1980, ilisomwa kwa sauti majumbani, ndani ya mabasi na hata kwenye baa, ambako msomaji mmoja aliwasomea wengi na kunyamaza hadi bilauri yake ijazwe tena. Kitabu kilifika mbali kwa sababu kiliandikwa kwa lugha ya wasikilizaji, nao walikwisha kulelewa na ngano, yaani hadithi za kale zinazosimuliwa kwa mdomo, ambamo wanyama husema na mazimwi hushindwa.

Hadhira kama hiyo ipo Garbatulla. Waborana wa Waso, yaani wale wanaoishi upande wa mto Ewaso Nyiro, ni wafugaji wenye hazina kubwa ya masimulizi, na historia yao ina mambo yanayozidi ya kubuniwa. Wakati wa vita vya Shifta katika miaka ya 1960, yaani mapambano kati ya serikali na wapiganaji waliotaka eneo hilo lijitenge na Kenya, watu walikusanywa kwa nguvu kambini, Garbatulla ikiwa mojawapo, mifugo ikateketea, na ufukara ulioanzia hapo ungali unasimuliwa na wazee. Mwandishi wa fantasia aliyezaliwa huko hana haja ya kuazima mazimwi ya Ulaya.

Kinachopungua ni njia ya kitabu kumfikia mtu. Katika eneo jirani la Garissa, huduma ya maktaba ya taifa ilianza mwaka 1996 kutumia ngamia kubeba masanduku ya vitabu hadi kwa wafugaji wanaohamahama, mahali ambapo gari lilishindwa na mchanga, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba mtoto wa mfugaji husoma anapopelekewa cha kusoma. Barabara itokayo Isiolo kupitia Kulamawe hupitisha mifugo, unga na abiria, na haina sababu ya kutopitisha waandishi. Wachapishaji wanaoishia Nairobi na Mombasa wawapeleke waandishi wao Garbatulla siku ya soko la mifugo, shule ziwafungulie milango, na vijana wa Waso wanaoandika kwa Kiborana na Kiswahili wawe wa kwanza kusomewa na kusikilizwa katika ardhi yao wenyewe.