Faiba ya Nyumbani Inapozorota Baada ya Umeme Kukatika: Utangulizi

Umeme ulikatika, ukarudi. Taa zinawaka, friji inaunguruma, lakini video iliyokuwa ikienda vizuri asubuhi sasa inakwama kila mara. Si lazima uwe fundi ndipo ujue kasoro iko wapi. Ijue tu njia ambayo intaneti hupita hadi kukufikia, kisha uipime kipande kwa kipande.

Tuanze na faiba yenyewe. Ni uzi mwembamba wa kioo unaosafirisha taarifa kwa mwanga. Kioo hakitumii umeme. Hata kigawanyio, yaani kisanduku cha mtaani kinachougawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyumba 32 au 64, hufanya kazi bila umeme. Kwa hiyo umeme ukikatika, uzi haudhuriki. Vinavyoyumba ni vifaa vya ncha mbili: mtambo wa kampuni upande mmoja, na vifaa vyako upande wa pili.

Vifaa vyako ni viwili. Kiboksi cha faiba hugeuza mwanga kuwa ishara za umeme. Ruta huzipokea ishara hizo na kuzigawa kwa simu, televisheni na kompyuta, ama kwa kebo, ama kwa waifai, ambayo ni mawimbi ya redio. Ukikuta kiboksi kimoja tu, usishangae. Mara nyingi vyote viwili huwekwa pamoja.

Sasa tazama taa za kiboksi cha faiba. Ile iliyoandikwa PON ikitulia, kiboksi kimekubaliwa na mtambo wa kampuni. Ikipepesa, bado kinajisajili. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: hakikisha uzi haujakunjwa kona kali nyuma ya meza, kisha ipigie kampuni simu. Usiuchomoe uzi na kuchungulia ncha yake. Mwanga huo hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho.

Taa zikiwa sawa na kasi bado ni ndogo, zima vifaa vyote viwili. Washa kiboksi cha faiba kwanza, subiri PON itulie, ndipo uwashe ruta. Usibonyeze kitufe kilicho ndani ya kitundu cha nyuma, kwa maana hufuta mipangilio yote, pamoja na ile iliyowekwa na kampuni.

Kisha pima kasi mara mbili: kwa kompyuta iliyochomekwa kebo kwenye ruta, halafu kwa waifai. Hapo wengi huchanganyikiwa na vipimo. Vifurushi huuzwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Faili linaloshuka kwa megabaiti 5 kila sekunde linatumia megabiti 40.

Kebo ikiwa nzuri na waifai mbovu, tatizo ni la redio. Ruta inapowaka huenda ikachagua upya chaneli, yaani sehemu ya masafa itakayotumia, na ruta za majirani nazo zinawaka wakati huohuo. Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali, ila yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ingawa kuta huyadhoofisha. Baadhi ya chaneli zake hutumiwa pia na rada, hivyo ruta hulazimika kusikiliza kwa dakika nzima kabla ya kuzitumia. Katika dakika hiyo simu yako hujiunga na 2.4, na huenda ikabaki hukohuko. Zima waifai ya simu, uiwashe tena.

Kebo ikikwama kwenye megabiti 94 hivi ilhali unalipia 200, chunguza kebo hiyo na tundu lake. Ndani ya kebo mna jozi nne za nyaya. Megabiti 1,000 huhitaji zote, 100 huhitaji mbili. Waya mmoja ukikatika, au tundu likipigwa na umeme uliorudi kwa kishindo, kasi inaweza kushuka hadi 100. Kebo na waifai zikizorota pamoja, subiri kidogo vifaa vimalize kupakua masasisho, kisha ipigie kampuni ukiwa na vipimo vyako mkononi.

Nakuomba jambo moja: pima leo, wakati mtandao uko sawa, uandike kasi ya kebo na ya waifai. Bila namba hizo, siku ya tatizo hutakuwa na cha kulinganisha.