Vinu vya Ujerumani na bei ya umeme: nilivyokosea kuamua

Majuzi nilialikwa kuwa mwamuzi katika mdahalo wa wanafunzi wa shule za sekondari. Hoja ilikuwa kwamba Kenya ijenge kinu cha nyuklia, jambo ambalo wakazi wa Uyombo kule Kilifi wamelipinga kwa nguvu. Msemaji mmoja wa upande wa watetezi alisimama akanena: "Wajerumani wamefunga vinu vyao vyote, na sasa umeme wao ni miongoni mwa ulio ghali zaidi Ulaya." Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Nami, mwalimu wa miaka mingi, nikampa alama zote za ushahidi. Upande wake ukashinda kwa alama mbili.

Usiku huo dhamiri ilinisuta. Yote mawili aliyoyasema yule kijana ni kweli. Lakini je, la pili lilizaliwa na la kwanza? Sikuwa nimemwuliza, na kazi ya mwamuzi ni kuuliza.

Mpenzi msomaji, tuanze na tarehe. Serikali ya Ujerumani iliafikiana na makampuni ya umeme mwaka wa 2000 kwamba nyuklia iondolewe polepole. Mwaka wa 2010 serikali ya Bi. Angela Merkel ikaongeza muda wa vinu. Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya tsunami yakakiharibu kituo cha Fukushima nchini Japani, naye Bi. Merkel akageuza msimamo. Kati ya vinu 17, vinane vilizimwa mwaka huo huo. Vilivyosalia vikazimwa kidogo kidogo, na vitatu vya mwisho, yaani Isar 2, Emsland na Neckarwestheim 2, vikanyamaza tarehe 15 Aprili 2023.

Basi tuzitazame bei, na hapa ndipo nilipoona haya. Baada ya vinu vinane kuzimwa, bei ya jumla ya umeme katika soko la Ujerumani haikupanda, bali ilishuka. Mwaka wa 2011 ilikuwa yapata euro 50 kwa kila megawati-saa. Kufikia 2016 ilikuwa chini ya euro 30. Katika kipindi hicho hicho, mwenye nyumba aliyekuwa akilipa senti 25 hivi kwa kila uniti alijikuta akilipa karibu senti 29. Jumla inashuka, rejareja inapanda! Ni muuzaji gani wa sukari angeyaeleza hayo kwa mteja wake?

Jibu limo ndani ya bili. Sheria ya mwaka wa 2000 iliwahakikishia wenye mitambo ya jua na upepo bei maalumu kwa miaka 20, na pengo kati ya bei hiyo na ile ya sokoni likajazwa kwa tozo iliyotwikwa watumiaji. Kadiri soko lilivyoshuka ndivyo pengo lilivyopanuka. Tozo hiyo ilikuwa senti 3.53 kwa uniti mwaka wa 2011. Mwaka wa 2017 ilifika senti 6.88. Ukijumlisha kodi na tozo nyinginezo, zaidi ya nusu ya alicholipa Mjerumani mwaka huo haikuhusu uzalishaji wa umeme wenyewe wala usafirishaji wake. Na viwanda vikubwa vilisamehewa sehemu kubwa ya tozo, mzigo ukawalemea wenye nyumba na wafanyabiashara wadogo. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililostahili makofi ya ghadhabu. Tozo yenyewe iliondolewa katika bili Julai 2022, gharama ikahamia hazina ya serikali.

Ndipo likaja pigo lenyewe. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 na gesi yake kukatika, bei ya jumla ilipaa hadi wastani wa zaidi ya euro 230 mwaka huo. Katika soko lile mitambo hupangwa kuanzia ya gharama nafuu hadi ya gharama kubwa, na mtambo wa mwisho kuhitajika ndio unaowapangia wote bei. Mara nyingi mtambo huo ni wa gesi. Kwa hiyo gesi ikipanda, hata umeme wa upepo huuzwa kwa bei ya gesi.

Nisije nikaonekana nimehamia upande wa pili bila kufikiri. Kwa mujibu wa kanuni hiyo hiyo, ukiondoa kinu chenye gharama ndogo ya uendeshaji, mtambo wa ghali huitwa mapema zaidi. Hivyo kufungwa kwa vinu kulisukuma bei juu kiasi fulani, na atakayekana hilo hajui hesabu. Isitoshe, Wajerumani waliifunga nyuklia kabla ya makaa ya mawe, ambayo sheria yao inayaruhusu hadi mwaka wa 2038. Nadhani huo ulikuwa mpangilio mbaya kwa mapafu ya watu na kwa hali ya hewa. Kwa upande mwingine, makampuni yalilipa yapata euro bilioni 24 mwaka wa 2017 kwa ajili ya kuhifadhi taka za nyuklia, na gharama ya namna hiyo mwanafunzi haioni akisoma bei ya uniti.

Angalia pia mtego uliopo: mwaka huo huo wa 2023 vinu vya mwisho vilipozimwa, bei ya jumla ilishuka hadi wastani wa euro 95 hivi. Je, kijana wa upande wa pili angeruhusiwa kusema kwamba kuzima vinu kulileta nafuu? Gesi ndiyo iliyokuwa imeshuka.

Alama za siku ile sitazibadilisha. Vijana walizungumza kwa ufasaha. Lakini nimeomba nafasi ya kurudi katika shule ile muhula ujao. Nitaandika ubaoni 50 na 30, chini yake 25 na 29, kisha nimwombe yule msemaji aje mbele na bili ya umeme ya nyumbani kwao, tuisome mstari kwa mstari: tozo ya mafuta, ya sarafu za kigeni, ya umeme vijijini, na kodi.